Mwenye kisukari apime kabla na baada ya mlo, si asubuhi tu

Mhariri,

Kurasa za afya za magazeti yetu hupenda kuwapa wenye kisukari orodha: kula dona, acha sembe, kunywa uji wa ulezi, acha wali, embe marufuku. Orodha hizo zina ukweli wake, lakini haziwezi kumwambia mtu wa Makorora kwamba mahamri matatu na bakuli la mbaazi za nazi yamefanya nini ndani ya damu yake asubuhi ya leo. Hilo linapimika nyumbani kwa matone mawili ya damu. Naomba nafasi nieleze linavyofanywa, maana mashine za kupima sukari zipo majumbani humu Tanga, na nyingi zinatumika kwa namna isiyompa mwenyewe jibu la maana.

Namna yenyewe ni hii: mtu anapima alfajiri kabla hajala, anaona 7.1 (namba zote za sukari humu ni za mmol/L, kipimo cha mashine za hapa kwetu), anaridhika, anairudisha mashine kabatini mpaka kesho. Kipimo cha alfajiri kina kazi yake, lakini kinaeleza zaidi habari za ini na dawa ya jana kuliko habari za chakula. Ini huachia sukari kwenye damu kuelekea mapambazuko, ndiyo maana mtu hulala na 7 akaamka na 8.5 wala hajatia kitu kinywani. Aidha, mtu anaweza kuamka na 6.8 kila siku, lakini saa mbili baada ya kila mlo akawa yuko kwenye 14. Akienda kliniki, majibu ya HbA1c, yaani wastani wa miezi miwili hadi mitatu, yanakuja mabaya na yeye anaapa kuwa sukari yake iko sawa. Wote wawili wanasema kweli, mgonjwa na maabara. Saa alizokuwa juu hazikupimwa.

Dawa ya hapo ni kupima kwa jozi. Pima dakika chache kabla ya kula, andika. Kisha hesabu saa mbili tangu tonge la kwanza, si tangu uliponawa mikono baada ya kula, halafu pima tena. Ukianza chakula cha usiku saa moja na nusu, kidole cha pili ni saa tatu na nusu. Hapo katikati usile kitu kingine, hata tende moja, wala usiongeze chai yenye sukari. Namba unayoitafuta ni tofauti ya hizo mbili. Kwa mtu mzima asiye mjamzito, miongozo mingi hutaka sukari kabla ya mlo iwe kati ya 4.4 na 7.2, na baada ya mlo isifike 10. Kuhusu tofauti yenyewe, ikiwa chini ya 3 mlo huo unavumilika. Ikiwa 5 au 6, mlo huo umekushinda kwa kiasi ulichokula. Mjamzito ana viwango vikali zaidi: chini ya 5.3 kabla ya kula, chini ya 7.8 saa moja baada ya kula, au chini ya 6.7 saa mbili baada. Mzee mwenye maradhi mengine hulegezewa, na hilo ni la daktari wake kuamua.

Sasa tuje kwenye jaribio lenyewe, kwa kuwa hapa ndipo faida ilipo. Chagua mlo mmoja unaoula mara kwa mara. Tuseme ni yale mahamri matatu, mbaazi na chai isiyo na sukari. Siku ya kwanza ule kama kawaida yako, na unapata 6.9 kabla na 11.6 baada. Tofauti ni 4.7. Usikimbilie kubadilisha chochote. Rudia mlo uleule siku nyingine, kwa dawa ileile, saa ileile. Ukipata tofauti inayokaribiana na ile ya kwanza, unajua hapo ndipo pa kuanzia. Baada ya hapo badilisha kitu kimoja tu. Punguza mahamri yawe moja na bakuli la mbaazi libaki vilevile, upime. Siku nyingine rudi kwenye mahamri matatu lakini ukimaliza kula utembee dakika 15, upime. Siku nyingine tena anza na mbaazi na yai, mahamri yaje mwisho. Ukipunguza mahamri, ukatembea na ukabadilisha dawa siku moja, namba ikishuka hutajua umshukuru nani.

Mtu akifanya hivi huanza kuona mambo ambayo orodha haikumwambia. Dona ni bora kuliko sembe kwa nyuzi zake, lakini sahani ya dona iliyojaa inabaki kuwa sahani iliyojaa wanga. Uji wa ulezi uliosagwa laini huingia kwenye damu haraka, kwa sababu unga laini uliokwisha kuiva haulipi tumbo kazi kubwa. Watu wengi huushangaa kuliko chakula kingine chochote. Asali ni sukari, hata ikitoka Handeni na ikawa safi namna gani. Mbaazi na maharage kwa kawaida hupandisha polepole. Na wapo wanaokula kipande cha embe wakabaki salama, ilhali jirani yake anapanda kwa kipande hichohicho.

Chakula chenye nazi nyingi au mafuta mengi kinahitaji kidole cha tatu. Mafuta huchelewesha tumbo kuachia chakula, kwa hiyo pilau au wali wa nazi unaweza kuonyesha 8.5 saa mbili baada ya kula, mtu akajipongeza, kumbe kilele kinakuja saa ya tatu au ya nne. Kwa milo ya aina hiyo pima saa mbili na pia saa nne. Boflo na chai ya sukari ni kinyume chake: kilele huja mapema, mara nyingi kati ya dakika 60 na 90, na kipimo cha saa mbili kinaweza kukikosa.

Wanaotumia insulini ya mchanganyiko ya 30/70 ya kawaida waangalie pia saa ya sindano. Hiyo huchomwa kama dakika 30 kabla ya kula. Anayechoma huku sahani iko mbele yake atakuta 13 baada ya mlo, alaumu wali, wakati chakula kimetangulia na dawa inakifuata nyuma.

Kuhusu kidole. Osha mikono kwa sabuni na maji, ukaushe vizuri. Hii si adabu tu. Aliyemenya chungwa la Muheza kisha akapima bila kunawa anaweza kuona namba ya kumpeleka hospitali mbio, na sukari yenyewe ilikuwa juu ya ngozi. Kufuta kwa spiriti hakutoshi kuondoa maji ya tunda. Sabuni na maji ndiyo njia. Kidole kikiwa na majimaji nacho huchanganya damu na namba hushuka kwa uongo. Ninginiza mkono chini kidogo damu ishuke, toboa ubavuni mwa ncha ya kidole badala ya katikati penye hisia kali, na upishanishe vidole. Kamua taratibu kuanzia chini ya kidole kwenda juu. Ukikibana kwa nguvu penye tundu, maji ya kwenye nyama hutoka pamoja na damu na kipimo kinaharibika. Gusisha ukingo wa stripu, kile kijikaratasi kinachochomekwa kwenye mashine, kwenye tone, yenyewe itavuta. Usipake damu juu yake. Isipojaa, itupe uanze na nyingine, maana mashine nyingi hazikubali tone la kuongezea.

Stripu ndizo zinazoharibika zaidi hapa kwetu, na mashine ndiyo inayolaumiwa. Ndani ya stripu kuna kimeng'enya, na adui yake ni unyevu na joto. Hewa ya pwani ina vyote viwili. Kifuniko cha kopo kina dawa ya kunyonya unyevu, kwa hiyo toa stripu moja, funga papo hapo mpaka kilie. Kopo lisikae dirishani jikoni, wala kwenye bajaji juani. Stripu nyingi hutakiwa kukaa chini ya nyuzi 30. Friji pia si mahali pake, kwa sababu kopo baridi likifunguliwa kwenye hewa ya Tanga hutoa jasho ndani. Andika tarehe ya kulifungua kwa kalamu juu ya kopo, kwani aina nyingine hudumu miezi 3 baada ya kufunguliwa na nyingine 6, bila kujali tarehe iliyopigwa kiwandani. Ukiuziwa stripu mojamoja zilizofungwa kwenye karatasi au mfuko wa nailoni, kataa. Stripu iliyoharibika haitoi taarifa: inaweza kusoma juu, inaweza kusoma chini, na namba itaonekana safi kabisa.

Kabla ya kununua mashine, uliza kwanza kama stripu zake zinapatikana kwenye maduka ya dawa ya hapa. Zile zinazoletwa na ndugu kutoka nje mara nyingi huishia kuwa mapambo stripu za kwanza zikiisha. Na nyingine hasa za Marekani husoma kwa mg/dL. Mtu anaona 126 akadhani kifo kimefika. Gawa kwa 18, hiyo ni 7.

Jambo moja watu hawaambiwi dukani: mashine za nyumbani zinaruhusiwa kukosea kidogo. Kiwango cha kimataifa kinachotumika kuzipima kinaruhusu tofauti ya hadi asilimia 15 kutoka kwenye kipimo cha maabara pale sukari inapokuwa 5.55 au zaidi, na tofauti ya 0.83 pale inapokuwa chini ya hapo. Maana yake 10 kwenye kioo inaweza kuwa 8.7 au 11.8 kwenye maabara. Kwa hiyo usibishane na tofauti ya 0.6 kati ya jana na leo, na usihukumu chakula kwa jozi moja. Jozi tatu za mlo mmoja ndizo za kuaminika. Mwenye upungufu mkubwa wa damu ajue pia kuwa mashine nyingi humsomea juu. Huku kwetu kwenye malaria na selimundu, HbA1c nayo hudanganya baadhi ya watu, mara nyingi kwa kusoma chini, na kwa hao vipimo vya nyumbani vina uzito zaidi. Kuihakiki mashine, nenda nayo maabara ukiwa hujala, upime kidole dakika ileile unapotolewa damu ya mshipa. Usilinganishe baada ya kula, kwa kuwa wakati huo damu ya kidole huwa na sukari nyingi kuliko ya mshipa hata mashine ikiwa nzima.

Gharama najua. Kopo la stripu 50 ni jozi 25. Chukua mlo mmoja kwa wiki, jozi tatu, stripu sita. Kopo linakwenda wiki nane na umeshaijua milo minane. Hilo ni bora kuliko stripu 50 za alfajiri zinazosema jambo lilelile. Anayetumia insulini hayumo kwenye hesabu hiyo. Yeye apime kwa ratiba aliyopewa kliniki, na jozi ziwe nyongeza.

Chini ya 3.9 si wakati wa majaribio. Kula gramu 15 za sukari ya haraka: vijiko vinne vya chai vya sukari kwenye maji, au nusu glasi ya soda ya kawaida, si ile isiyo na sukari. Pima tena baada ya dakika 15, na ikiwa bado iko chini, rudia. Aliyepoteza fahamu asinyweshwe kitu, apelekwe hospitali. Wanaotumia glibenclamide, gliclazide au insulini ndio hasa wa kuhofia hili. Metformin peke yake ni nadra kulisababisha. Upande wa juu, neno HI kwenye kioo si salamu: kwa mashine nyingi ni zaidi ya 33.3. Na hata kabla ya kufika huko, sukari ya zaidi ya 15 ikiandamana na kutapika, kuhema kwa kasi au maumivu ya tumbo ni safari ya hospitali ya Bombo, wala si ya kusubiri asubuhi.

Ramadhani, kutoboa kidole hakufunguzi. Madaktari na wanazuoni wamelisema hilo pamoja. Mwenye kufunga apime kabla ya daku, adhuhuri, alasiri, saa mbili baada ya kufuturu, na kila anapojisikia vibaya. Ikiwa chini ya 3.9 au zaidi ya 16.6, afungue hapohapo, hata kama magharibi imebaki nusu saa.

Daftari liwe na safu tano: tarehe na saa, namba ya kabla, chakula na kiasi chake kwa kikombe au kwa idadi, namba ya baada, na dawa pamoja na saa uliyoinywa au kuichoma. Lipeleke kliniki. Usipunguze wala kuongeza dozi mwenyewe kwa sababu ya namba zako. Chakula na matembezi ni vyako kubadilisha, dozi ni ya daktari. Sindano za kutobolea zisichangiwe hata kati ya mume na mke, wala kile kifaa cha kutobolea, kwa sababu homa ya ini na virusi vya UKIMWI hupitia hapo. Zilizotumika ziingie kwenye chupa ngumu ya plastiki yenye kifuniko, ikijaa ipelekwe zahanati iliyo karibu.

Mtaalamu wa maabara,
Chumbageni, Tanga