Kumsimamisha mchezaji si kumwadhibu, kanuni zetu ziseme hivyo

Ndugu Mhariri,

Kila mchezaji anapotajwa kwenye tuhuma nzito, mashabiki wanagawanyika. Kuna wanaotaka afungiwe leo hii, na kuna wanaosema aachwe acheze hadi mahakama iamue. Ninavyoona, pande zote mbili zinakosea. Ligi haina haki ya kumwadhibu mtu kwa tuhuma peke yake. Ina haki ya kumweka kando kwa muda, kwa siku zinazohesabika na bila kumkatia malipo, huku kamati yake ikisikiliza shauri kwa kanuni zake yenyewe. Hizi ni hatua mbili tofauti. Tatizo linaanza zinapoandikwa kwenye barua moja yenye mistari mitatu: "Umesimamishwa kwa muda usiojulikana kutokana na utovu wa nidhamu."

Tuanze na klabu, maana ndiyo mwajiri. Ibara ya 13(6)(b) ya Katiba ya Tanzania inakataza mtu aliyeshtakiwa kwa jinai kutendewa kama mwenye kosa kabla halijathibitishwa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 37(5), inakwenda mbali zaidi: mfanyakazi akishtakiwa mahakamani kwa kosa ambalo kimsingi ndilo hilo hilo analolalamikiwa kazini, mwajiri hawezi kumpa adhabu wala kumwachisha kazi hadi kesi na rufaa yake zifike mwisho. Kanuni za mwaka 2007 (Tangazo la Serikali Na. 42) zinamruhusu mwajiri kumsimamisha kwa malipo kamili. Klabu inayokata mshahara siku polisi wanapomchukua mchezaji inajichimbia shimo. Mshahara wa miezi miwili usipolipwa, kanuni za FIFA za hadhi na uhamisho zinampa mchezaji nafasi ya kuandika notisi ya siku 15 kisha kuvunja mkataba kwa sababu halali. Klabu inabaki na deni, na mchezaji anaondoka bure.

Mfano wa karibuni ni wa beki Benjamin Mendy. Manchester City ilimsimamisha Agosti 2021 aliposhtakiwa kwa ubakaji, na kuanzia Septemba ikaacha kumlipa. Mwaka 2023 aliachiwa huru katika kesi zote mbili. Novemba 2024 baraza la kazi la Uingereza likaamua kwamba alistahili sehemu kubwa ya mishahara hiyo, isipokuwa vipindi alivyokuwa mahabusu. Mkataba wake haukuwa na kipengele kilichoiruhusu klabu kuzuia malipo. Klabu kubwa kiasi hicho iliangushwa na kipengele ambacho hakikuandikwa.

Ligi si mwajiri, kwa hiyo yenyewe inaongozwa na kanuni zake za mashindano. Australia, mwaka 2019, ligi ya raga ya NRL iliweka kanuni kwamba mchezaji aliyeshtakiwa kwa kosa linaloweza kumpeleka jela miaka 11 au zaidi anakaa pembeni moja kwa moja, analipwa mshahara wote, na hatua hiyo haitafsiriwi kuwa amekutwa na kosa. Mchezaji Jack de Belin, aliyewekwa pembeni kwa kanuni hiyo, aliipinga mahakamani akashindwa. Kanuni ile ina mambo mawili mazuri, malipo na kipimo kinachojulikana mapema, lakini ina kasoro moja kubwa: haikuweka ukomo wa siku. Majopo mawili ya wananchi wanaoamua kesi (juri) yalishindwa kufikia uamuzi wa mashtaka yote katika kesi ya de Belin, waendesha mashtaka wakaiondoa Mei 2021, na kufikia hapo alikuwa amekaa nje zaidi ya misimu miwili. Hakuna mahakama itakayomrudishia miaka hiyo ya mguu wake.

Hapa kwetu kasoro hiyo ingeumiza zaidi. Sote tunajua kesi inavyotajwa na kuahirishwa kwa sababu upelelezi haujakamilika. Kanuni za maadili za FIFA zinaweka siku 90 kwa hatua ya muda, na zinaweza kuongezwa 90 nyingine kwa sababu maalumu. Kwa Ligi Kuu siku 90 zinavumilika. Kwa ligi ya wilaya ya Masasi au Nachingwea inayomalizika ndani ya miezi miwili mitatu, huo ni msimu mzima. Napendekeza siku 21 kwa ligi za wilaya na mkoa. Zikiisha, kamati ikae upya na iandike sababu za kuongeza, la sivyo mchezaji arudi uwanjani.

Wapo wanaosema kusubiri hukumu ya mahakama kunatosha. Hakutoshi. Tunajua kesi za ukatili wa kijinsia zinavyokufa huku Kusini: PF3, fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali, inachelewa kuchukuliwa, familia zinakaa kikao na kuyamaliza nyumbani, shahidi haonekani siku ya kesi. Kutokutiwa hatiani hapo hakumaanishi kwamba jambo halikutokea. Zaidi ya hapo, mahakama ya jinai inataka ushahidi usioacha shaka la maana, ilhali vyombo vya nidhamu vya FIFA vinatumia kipimo cha chini ya hicho: kamati iridhike vya kutosha, kwa kuzingatia uzito wa tuhuma. Ndiyo maana mtu anaweza kushinda mahakamani akakutwa na kosa la kanuni za michezo. Trevor Bauer wa besiboli ya Marekani hakushtakiwa kabisa, lakini ligi ilimfungia mechi 324 mwaka 2022 chini ya sera iliyokubaliwa na chama cha wachezaji mwaka 2015, na msuluhishi huru akazipunguza hadi 194. Mtu anaweza kuona adhabu ile ni kali au ndogo, lakini utaratibu ulikuwepo kabla ya tuhuma na kulikuwa na mtu wa nje wa kuipima.

Kwa makocha na walezi wa watoto sina subira hiyo. Timu za UMITASHUMTA na UMISSETA, michezo ya shule za msingi na sekondari, zinalala kambini, na mtoto hawezi kumkwepa mtu aliye naye bweni moja. Malalamiko ya aina hiyo yakifika, mhusika aondoke kambini siku hiyo hiyo, taarifa iende ustawi wa jamii na Dawati la Jinsia na Watoto polisi, na uongozi wa timu usianze kumhoji mtoto wenyewe. Maswali ya watu watano wasio na mafunzo huharibu ushahidi kabla mpelelezi hajafika.

Lipo pia la fitina. Yeyote anayezijua ligi zetu za msimu wa korosho, zile za kugombea ng'ombe au mbuzi, anajua malalamiko yanayozuka juu ya mshambuliaji siku mbili kabla ya fainali. Dawa yake ni kudai malalamiko yaandikwe, yasainiwe, yataje tarehe na mahali, na mwenyekiti pamoja na wajumbe wawili wasiotoka klabu zinazohusika wayapime ndani ya saa 24. Uvumi wa kundi la WhatsApp usimwondoe mtu kikosini. Ila ada tunayotoza kwa rufaa za usajili isitozwe hapa, maana itamfungia mlango binti asiye na fedha.

Barua ya kumsimamisha itaje kanuni iliyotumika, tarehe ya kuanza na ya kuisha, kama anaruhusiwa mazoezi, kwamba posho yake inaendelea, na kwamba hakuna kosa lililothibitishwa. Wito wa kikao umfikie walau saa 48 kabla, ukiwa na tuhuma zote kwa maandishi. Kama ana kesi mahakamani, aruhusiwe kunyamaza bila ukimya huo kuhesabiwa dhidi yake, kwa sababu atakachokisema kikaoni kinaweza kutumiwa na upande wa mashtaka. Akikutwa na kosa, siku alizokaa nje zipunguzwe kwenye adhabu, kama kanuni za dawa za kusisimua misuli zinavyofanya. Asipokutwa nalo, tangazo la kumrejesha libandikwe pale pale lilipobandikwa lile la kumsimamisha. Na klabu yake iruhusiwe kusajili mbadala wa muda, kwani klabu inayoogopa kubaki na wachezaji pungufu ndiyo inayoficha mambo.

Hayo yote yanaingia kwenye kurasa mbili za kanuni. Ombi langu kwa MTWAREFA na LIREFA, vyama vya soka vya mikoa ya Mtwara na Lindi, ni kwamba yajadiliwe kwenye kikao cha klabu kabla ya usajili wa msimu ujao kufunguliwa, wakati hakuna mchezaji yeyote anayetuhumiwa na hakuna klabu yenye wa kumtetea.

Mdau wa soka,
Masasi, Mtwara