Barua kwa Koku, kabla hajaenda Goma

Bukoba, Juni 2024

Mwanangu Koku,

Nimesikia unaondoka Jumatatu, na sitakuzuia. Ila swali langu la kwenye simu hujalijibu: huko Goma, Kongo, utakakokaa, jirani yako ni nani?

Unadhani naogopa mabomu tu. Nayaogopa, ndiyo, tangu yale ya Mei yalipoangukia kambi za waliokimbia vita, Mugunga na Lac Vert, silali vizuri. Lakini Oktoba 1978 ndege za Amin zilipopiga Bukoba, nilikuwepo. Madhara hayakuwa makubwa, vioo ndivyo vilivyopasuka. Hata hivyo watu walijitwika magodoro wakashika njia ya Muleba, kila mmoja na uvumi wake: mara maji yametiwa sumu, mara adui yuko Kyaka. La Kyaka likawa kweli, Novemba daraja la Mto Kagera likalipuliwa, na wenzetu wa ng'ambo ya mto wakauawa na kuporwa ng'ombe. Hukujua uvumi upi uushike. Waliotulia ni waliokuwa na mtu wa karibu wa kumuuliza.

Mtaani kwetu kulikuwa na mama Mganda, muuza samaki, aliyeanza kuitwa mpelelezi. Usiku mmoja alitugongea. Bibi yako akasema tunyamaze, tukanyamaza. Vita ikaisha 1979, hakurudi, wala hakuna aliyemuulizia.

Kwa hiyo usijifungie ndani ya uzio na wafanyakazi wenzako. Nenda kwa mkuu wa nyumba kumi, Goma nako wapo, ujitambulishe. Ukisikia kabila fulani linasingiziwa kuwa ndilo linaloita mabomu, usilirudie neno hilo kwa mtu yeyote. Kazini wewe ni hodari, najivuna nikisikia unavyosifiwa wodini, lakini salamu zako ni za kuhesabu. Shangazi yako hujampigia tangu Krismasi. Milio ikianza usiku, utagonga kwa nani, kama mchana hukuwaamkia?

Hela imefika, tumenunua mabati ya jikoni. Migomba ya nyuma imeingiwa na mnyauko, tumeing'oa. Baba yako ameanza tena habari za butura, kuuza kahawa kabla haijavunwa. Nimemwambia kahawa haiuzwi ikiwa mtini, bei ya mwaka huu ni nzuri. Umpigie nawe, wewe anakusikia.

Sweta zito nimelituma kwa basi la Mwanza la Jumamosi. Goma kuna baridi, ulivae.

Mama yako