Khalati na laptopu iliyodhani bado ni 2012

Juzi khalati yangu kaja dukani hapa Mwembe Tayari, Mombasa, kutoka Kisauni, laptopu kaivingirisha kwenye leso, kakaa kitini kapumua alafu ndo akasema, "Mwanangu, hiki kitu kimeingiliwa, kila nikifungua chaniambia wezi wataniibia." Alikuwa ataka kufaili ritani za kodi za KRA kabla ya tarehe 30 Juni, na kila websaiti akigusa yamletea ule ukurasa wenye kipembetatu chekundu kwamba mawasiliano yako si salama. Jirani kashamwambia abonyeze tu pale chini akubali kuendelea, ati ndivyo sote tufanyavyo. Alhamdulillahi hakubonyeza.

Mimi mteja akija na shida hii swali langu la kwanza ni moja tu, je, zimekataa zote ama moja? Kwa khalati zilikuwa zote, mpaka Google. Basi zikikataa zote shida iko kwako, websaiti za dunia nzima haziwezi kuharibika siku moja. Nikatupa jicho kwenye kona pale chini, saa ya mashine yasema 2012! Laptopu ni ya mwanawe aliye Doha, imelala juu ya kabati miaka, na mle ndani kuna kabetri ka duara kama sarafu, CR2032, ndiko kanakotunza saa mashine ikiwa imezimwa, kakifa saa inarudi nyuma huko.

"Na saa na wezi wapi na wapi?" akaniuliza, na ni swali zuri. Kila websaiti ina cheti chake, kama leseni ya dereva vile, kina siku ya kuanza na siku ya kuisha. Sasa mashine ambayo kwake bado ni 2012 ikiona cheti cha mwaka huu yaona hakijaanza kazi, inakikataa. Na Chrome mara nyingi huandika kabisa kuwa saa yako iko nyuma, lakini nani asoma, mtu akiona nyekundu roho yamtoka. Nikaweka saa sawa, nikabadilisha betri, ritani ikaenda. Malipo yangu yalikuwa mahamri, na sijalalamika.

Simu kuukuu nazo zina yao. Android za chini ya 7.1.1 hazivitambui vyeti vya Let's Encrypt, shirika litoalo vyeti bure, na websaiti kibao zinatumia hivyo, kwa hivyo tangu 2024 simu hizo zinagoma hata saa ikiwa sawa.

Ikikataa moja tu na nyingine zafunguka, mara nyingi mwenye websaiti kasahau kurinyuu cheti, mngoje. Ama uko kwenye waifai ya hoteli inayotaka uingie kwao kwanza. Lakini kama mahali penyewe wataka kuweka paswadi au mambo ya benki, usilazimishe hata kidogo, kwanza soma anwani herufi kwa herufi, ya iTax, ile websaiti ya ritani za KRA, ni itax.kra.go.ke na si vinginevyo. Na ukurasa ukiwa mwekundu wote, hiyo si habari ya cheti tena, Google ishawatia kwenye orodha ya matapeli, funga utoke. Pia usidanganywe na alama ya kufuli kando ya anwani, cheti chasema maneno yako yamefungwa njiani, hakisemi unayeongea naye ni mwaminifu, tapeli naye apata cheti bure, ndo maana Chrome walikitoa kile kikufuli 2023.

Wazee wengi lakini wanaletwa hapa na kitu ambacho si onyo hata, zile meseji za "simu yako ina virusi 13". Websaiti haiwezi kupima virusi kwenye simu yako jamani! Ni matangazo, siku moja ulikuwa watafuta mpira wa bure ukabonyeza kukubali arifa. Ingia setingi za Chrome, sehemu ya arifa, zima usizozijua, na ile programu ya kusafisha simu wanayokusukumia usiiweke.

Ukishindwa mlete mzee wako na simu yake. Kuweka saa na kuzima arifa hatulipishi, kale kabetri ka saa ka laptopu pamoja na kazi ni shilingi 300. Paswadi ataandika mwenyewe sisi tukiangalia pembeni, na PIN ya M-Pesa hatuulizi kabisa. Ijumaa twafunga kwenda kuswali, saa nane tumerudi.