Mheshimiwa, swali lisiishie Dodoma

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wabunge wetu kuhusu kipindi cha maswali na majibu.

Kijijini kwetu kuna boma la zahanati. Tulichanga, tukafyatua tofali, kina mama wakasomba maji na mchanga mpaka kuta zikafika usawa wa lenta. Zikaishia hapo. Ndani kumeota majani, na mjamzito akishikwa na uchungu usiku hupakiwa kwenye bodaboda hadi kituo cha afya cha kata jirani.

Mbunge wetu aliliuliza jambo hili bungeni, na namshukuru kwa dhati. Naibu Waziri akajibu kwamba Serikali inatambua juhudi za wananchi na itamalizia maboma hayo kadiri fedha zitakavyopatikana. Mbunge akapewa maswali mawili ya nyongeza. La kwanza akaombea barabara, la pili akamwomba Waziri aje kututembelea. Fedha hizo zimo kwenye bajeti ya mwaka gani? Hakuuliza. Likaitwa swali linalofuata.

Hapo ndipo ninapoumia. Ibara ya 63 ya Katiba inaliruhusu Bunge kumuuliza Waziri yeyote swali lolote la umma lililo katika wajibu wake. Swali la msingi Waziri huja na jibu lake limeandikwa tayari. La nyongeza ndilo linalombana.

Na Bunge likiamua kung'ang'ania, linaweza. Novemba 2007 liliunda Kamati Teule kuchunguza mkataba wa umeme wa kampuni ya Richmond. Ripoti ilipowasilishwa Februari 2008, Waziri Mkuu Edward Lowassa alijiuzulu. Mwenyekiti wa kamati ile, Dk. Harrison Mwakyembe, alikuwa mbunge wa Kyela, jimbo lenye shida zake kama letu.

Ombi langu ni dogo. Mbunge akirudi jimboni, nakala ya swali lake na jibu la Serikali, kama yalivyo kwenye Hansard, yaani kumbukumbu rasmi za Bunge, ibandikwe ofisi ya kijiji, pale pale panapobandikwa mapato na matumizi. Kwenye mkutano wa hadhara atusomee jibu hilo, kisha atueleze amelifuatilia wapi: halmashauri, TAMISEMI (wizara inayosimamia halmashauri) au kwenye kamati ya Bunge. Sisi nasi tutajua tumbane nani.

Na Bunge la bajeti likianza Aprili, aliulize tena swali lile lile, safari hii akitaja tarehe aliyojibiwa.

Msomaji wenu,
Nyanda za Juu Kusini