Nimeanza na jina lake

Mbagala, Dar es Salaam
Januari

Shoga yangu Zuhura,

Salaam nyingi. Huku wazima, ila joto la mwezi huu halitupi usingizi.

Binti wa dada, yule uliyekuwa ukimbeba mgongoni enzi zetu za Tandika, alimaliza kidato cha nne Novemba. Tangu arudi na begi lake ni kupika, kufua na kuogesha wadogo zake. Ukimuuliza, anajibu, "Nasubiri matokeo, mama mdogo." Kaka yake alipomaliza, wiki ya pili tu alishapelekwa kujifunza udereva. Iliniuma, Zuhura. Nikatukumbuka mimi na wewe, tulivyosubiri hadi kusubiri kwenyewe kukawa ndiyo maisha.

Basi nimemshika mkono. Watu wote wanakimbilia mtaji: mnunulie cherehani, mtafutie friji auze barafu. Mimi nimeanza na jina lake. Ametimiza miaka 18, nikampeleka NIDA kuomba kitambulisho cha taifa, akapigwa picha na kuchukuliwa alama za vidole. Namba ilipotoka tukasajili laini ya simu kwa jina lake mwenyewe.

Unajua kwa nini nimeng'ang'ania hapo. Akiba yako ya maandazi uliiweka kwenye laini ya yule bwana, na alipoondoka aliondoka nayo. Laki tatu na ushee, za kuamka saa kumi alfajiri! Ulipokwenda kulalamika ukaambiwa laini si yako. Na kweli haikuwa yako, ndiyo maana sikuwa na la kukufariji.

Na ule mkopo wa halmashauri usio na riba, ile asilimia 10 ya mapato ya ndani (4 za wanawake, 4 za vijana, 2 za watu wenye ulemavu), binti ataingiaje kwenye kikundi cha kuuomba kama hana hata kitambulisho?

Yeye anataka ufundi umeme. Dada anasema umeme ni wa wanaume, ashone. Nimemwambia dada aliyeshika bisibisi ni mtoto, si sisi. Jumatatu nampeleka chuo cha ufundi cha VETA Chang'ombe tukaulize ada na nafasi.

Nakuomba uje Jumapili. Habari ya laini nimemsimulia, akaitikia tu kwa adabu, kama wanavyoitikia wakubwa. Nataka aisikie kwako. Nitakupikia samaki wa nazi.

Shoga yako,
Mwajuma