Kikao cha tuzo: ukumbi umebadilika

Asalaam aleikum na habari za jioni wanakikundi,

Kikao cha Jumamosi kipo palepale, saa 10 alasiri, ila si kwenye ule ukumbi wa ghorofani. Ngazi tupu, lifti hakuna. Tutajadilije tuzo za huduma kwa watu wenye ulemavu huku wenzetu wa vitimwendo wamebaki chini? Tutakutana uani kwa Bi Mwenyekiti, Chumbageni. Geti lake pana na hakuna kizingiti.

1. Kila mmoja aje na jina moja la kupendekeza kwa tuzo za Desemba 3, Siku ya Kimataifa ya Watu Wenye Ulemavu. Tusikimbilie wenye vyeo tu, jamani. Dereva wa bajaji anayepakia kitimwendo bila kuongeza nauli naye anatoa huduma. Kwa utetezi, tumtafute aliyefuatilia ile asilimia 2 ya mapato ya ndani ya halmashauri inayokopeshwa vikundi vya watu wenye ulemavu, mpaka vikaipata. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi atenge asilimia 3 ya nafasi za kazi kwa watu wenye ulemavu. Akipatikana wa hivyo hapa Tanga, mleteni nimshike mkono!

2. Mchango sh. 10,000 kwa mweka hazina, mwisho Alhamisi. Ni wa ngao, vyeti (vingine vya nukta nundu) na mkalimani wa lugha ya alama. Huyo hatukopi.

Tafadhali andika NIPO au SIPO kabla ya Ijumaa saa 6 mchana. Anayehitaji usafiri aseme hapohapo.

Katibu