Picha za Kikorea: mnunuzi aambiwe anauziwa nini

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua za wasomaji nieleze jambo linalonikera katika biashara ya picha za Kikorea za kupamba nyumba, biashara ambayo kwa miaka ya karibuni imefika hata huku kwetu Bagamoyo kupitia simu za mkononi na maduka ya Dar es Salaam. Chimbuko lake linajulikana. Tumeangalia tamthilia za Kikorea zilizotiwa sauti za Kiswahili hadi tukazoea kuiona, nyuma ya kiti cha mfalme, ile sitara kubwa yenye jua jekundu upande mmoja, mwezi mweupe upande wa pili na vilele vitano vya milima katikati. Watu wameipenda, wameiulizia, na wafanyabiashara wamewaletea. Sina ugomvi na hilo. Mimi mwenyewe nina picha sita za Kikorea nyumbani, nilizozikusanya mojamoja tangu nilipostaafu ualimu. Ninachokilalamikia ni kwamba mnunuzi hulipa fedha nyingi bila kuambiwa kama alichoshika mkononi ni kazi ya mkono wa msanii au ni nakala iliyotolewa na mashine.

Kwanza niwajibu wanaodai kuwa kutundika picha ya Asia ukutani ni kuacha asili. Nimekulia katika nyumba ya matumbawe na chokaa hapa mjini, na ukutani mlikuwa na vidaka ambamo bibi yangu aliweka bakuli na sahani za Kichina alizorithi kwa mama yake. Hakuna aliyemwambia kwamba ameacha Uswahili, kwa sababu kuvipamba vidaka kwa vyombo vilivyovuka bahari ndio uliokuwa Uswahili wenyewe. Kwa hiyo siku nilipoiona kwa mara ya kwanza picha ya aina inayoitwa chaekgeori, niliitazama muda mrefu sana. Ni picha ya rafu: vitabu vimepangwa kwa mafungu, kando yake chombo cha kauri, brashi za kuandikia, kidau cha wino, matunda, tawi la maua, kila kitu kimekaa katika kishubaka chake, kana kwamba vidaka vya bibi vimehamia kwenye karatasi. Mfalme Jeongjo wa Korea, aliyependa mno vitabu, aliweka sitara ya namna hiyo nyuma ya kiti chake cha enzi mwaka 1791, na baadaye mtindo huo ukatoka ikulu ukashuka hadi kwenye nyumba za watu wa kawaida, ukachorwa na mafundi ambao majina yao hayakuandikwa popote.

Kazi za mafundi hao ndizo huitwa minhwa, maana yake picha za watu. Inayopendwa kuliko zote ni ile ya chui milia aliyeketi chini ya msonobari, macho yamemtoka kila moja na upande wake, na juu ya tawi amesimama ndege wa jamii ya kunguru ambaye Wakorea humhesabu kuwa mleta habari njema. Picha hiyo iliwekwa nyumbani mwaka mpya ili chui afukuze balaa na ndege akaribishe heri. Anayezijua kazi za Edward Saidi Tingatinga, aliyefariki mwaka 1972 na ambaye naye alichora wanyama na ndege kwa rangi za dukani juu ya vipande vya hadibodi, hahitaji maelezo marefu kuelewa kwa nini chui yule anatuvutia.

Hapa ndipo penye kiini cha barua yangu. Picha zote nilizozitaja, kuanzia sitara ya mfalme hadi chui wa msonobari, zilichorwa kwa brashi. Hivyo hivyo picha za Kim Hongdo, msanii aliyezaliwa mwaka 1745, ambaye albamu yake ya kurasa 25 za picha za maisha ya watu imo katika Makumbusho ya Taifa ya Korea huko Seoul. (Ukurasa wa shule ya kijijini ninao sebuleni: mtoto ameketi akiwa amempa mwalimu mgongo, anafuta machozi, na wenzake wanacheka, nimefundisha miaka 34 na mtoto huyo namfahamu.) Kwa kuwa asili yake ni mchoro mmoja tu wa brashi, karibu kila “chapa” ya picha hizo inayouzwa kwetu ni picha iliyopigwa kwa kamera kisha ikachapwa na mashine. Lakini wauzaji huitangaza kwa maneno ya “chapa ya asili ya Kikorea”, kisha humsimulia mnunuzi habari za Hekalu la Haeinsa, ambako zimehifadhiwa mbao zaidi ya 80,000 zilizochongwa karne ya 13 kwa ajili ya kuchapia maandiko ya Kibuddha, na za kitabu cha Jikji, kilichochapwa mwaka 1377 kwa herufi za metali karibu miaka 80 kabla ya Biblia iliyochapwa na Mjerumani Gutenberg. Habari hizo ni za kweli na Wakorea wanastahili kujivunia, ila hazina uhusiano wowote na karatasi iliyotoka kwenye printa mwezi uliopita.

Chapa za mkono za Kikorea zipo. Oh Yoon, aliyefariki mwaka 1986 akiwa na umri wa miaka 40 hivi, alichonga mbao na kuchapa picha za wakulima, wafanyakazi na wacheza ngoma, zenye mistari minene ya wino mweusi isiyotaka kumpendeza mtu. Katika kazi kama hiyo mchoro ulizaliwa kuwa chapa: hakuna picha nyingine ya brashi iliyofichwa mahali ambayo hii ni kivuli chake. Wapo pia wasanii wa siku hizi wanaochapa kwa jiwe au kwa skrini (kitambaa chembamba kilichokazwa kwenye fremu, wino ukapenyezwa ndani yake), nakala chache, wakaziwekea namba na sahihi. Hizo zina bei yake, na anayezinunua anajua fedha yake imekwenda wapi.

Nieleze yaliyonifika. Mwaka juzi nilimwagiza muuzaji mmoja, ambaye sitamtaja, picha ya buluu aliyoitangaza kuwa litografia, yaani chapa ya jiwe, ya kazi ya Kim Whanki. Msanii huyo alizaliwa kisiwani kusini-magharibi mwa Korea mwaka 1913, na katika miaka yake ya mwisho huko New York, kabla ya kufariki mwaka 1974, alijaza vitambaa vikubwa vya pamba kwa maelfu ya nukta, nyingi zikiwa za buluu, kila moja ikiwa imezungushiwa mstari wake. Moja ya kazi hizo iliuzwa Hong Kong mwaka 2019 kwa zaidi ya dola milioni 13 za Marekani. Mtu wa pensheni hana njia ya kuifikia kazi kama hiyo isipokuwa kwa chapa, nami nilitoa shilingi 240,000 kwa furaha, nikaona nimepata.

Ilipofika nilimwonyesha kijana wa jirani anayechapa fulana kwa skrini. Aliishika pembeni kwa vidole viwili, akaiinamisha kwenye mwanga wa dirisha, kisha akaniomba kile kioo cha kukuzia ninachosomea. “Mwalimu,” akaniambia kwa upole, “hii ni ofseti,” yaani uchapaji wa mashine kama wa magazeti. Nikatazama mwenyewe. Kila nukta ya buluu ya Kim Whanki ilikuwa imejengwa kwa vinukta vidogo zaidi, vya samawati, vya waridi iliyokolea, vya njano na vyeusi, vimejipanga kwa safu kama punje kwenye gunzi, sawasawa na picha za gazeti hili ukizisogelea. Hata sahihi iliyo chini, niliyodhani ni ya penseli, ilikuwa na vinukta vilevile. Nilipomwuliza muuzaji, alijibu kwamba ofseti nayo ni aina ya litografia, kwa hiyo hakunidanganya. Kwa lugha ya mafundi wa uchapaji anasema kweli, maana ofseti ilitokana na uchapaji wa jiwe; lakini kwa lugha ya biashara alijua wazi mimi nimeelewa nini, na akaniacha niendelee kuelewa hivyo.

Ndiyo maana nawasihi wasomaji wanaotaka kununua wasione haya kukagua. Sahihi na namba za kweli kwa kawaida huandikwa kwa penseli kwenye ukingo wa chini, nje ya mchoro, na namba 12/50 maana yake ni nakala ya 12 katika jumla ya 50. Ukipitisha mwanga kwa ubavu utaona kijishimo cha penseli kwenye karatasi. Wino wa skrini hukaa juu ya karatasi na mara nyingi kidole huuhisi. Chapa ya ubao, ukiigeuza, mara nyingi huonyesha mgongoni alama za kukandamizwa. Na mtu akikwambia karatasi ni hanji, ile inayotengenezwa kwa nyuzi za gome la mti wa jamii ya mforosadi, iinue kwenye mwanga: utaziona nyuzi ndefu zimepishana kila upande. Karatasi ya kawaida ya ofisini haina hizo.

Nisieleweke vibaya kwamba naidharau nakala ya mashine. Tano kati ya picha zangu sita ni nakala za mashine, mtoto wa shule akiwemo, na nyumba ingekuwa pweke bila ya hizo. Nakala iliyochapwa kwa wino mzuri juu ya karatasi nzito isiyo na asidi ni kitu cha heshima kabisa, mradi iuzwe kwa jina lake na kwa bei ya jina lake.

Neno moja pia kwa mafundi fremu wetu wa pwani, kwa kuwa nimeshapoteza picha moja kwa sababu hiyo. Unyevunyevu wa hapa si wa kuchezea, hasa wakati wa masika, na kuta za chokaa huhema maji. Picha iliyobandikwa moja kwa moja kwenye kioo itaota ukungu na kugandamana nacho, na iliyoshikizwa kwa selotepu itabaki na doa la manjano lisilotoka. Ikatiwe kadibodi yenye dirisha ili kioo kisiiguse, ishikizwe juu tu kwa vipande vya karatasi na gundi ya wanga, na nyuma ya fremu, pembe za chini, vibandikwe vipande vya kandambili ili hewa ipite kati yake na ukuta. Mbali na dirisha la magharibi, tafadhali. Jua la alasiri lilimfanya chui wangu wa kwanza kuwa rangi ya chai ya maziwa kwa miaka miwili tu.

Ombi langu kwa wauzaji ni dogo. Kwenye risiti na kwenye tangazo waandike kwa Kiswahili moja kati ya maneno mawili: “chapa ya mkono” au “nakala ya mashine”. Kama ni chapa ya mkono, waongeze jina la msanii, njia aliyochapia na jumla ya nakala zilizotolewa. Kama ni nakala ya mashine, waseme mchoro wenyewe ni wa nani na uko wapi. Kalamu ya risiti haihitaji zaidi ya dakika moja kuandika hayo.

Ile ya buluu sijairudisha. Bado ipo sebuleni, na asubuhi inapendeza. Nimeitoa kwenye fremu mara moja tu, nikaandika mgongoni kwa penseli, “nakala ya mashine”, ili mjukuu atakayeirithi asije akamuuzia mwenziwe kwa jina lisilo lake.

Mwalimu mstaafu,
Bagamoyo